Mwaka wa Mistari Mitano

Bi Agnes, mwalimu wangu wa nota, tulimzika Jumanne alasiri, baada ya ibada iliyochukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Nilikaa benchi la nyuma kabisa na majirani zake wawili wa Kikwajuni, Waislamu kama mimi, mitandio vichwani, na kwa kuwa sikujua wakati wa kusimama wala wa kukaa, nilimfuata tu mtu wa mbele yangu. Kwaya iliimba nyimbo za sauti nne kwa kinanda. Halafu kinanda kikanyamaza. Wanaume sita wakasimama karibu na jeneza wakaimba sauti moja, wote pamoja, bila mapigo ya kuhesabu, sauti ikipanda kidogo na kushuka kidogo kwa kufuata maneno. Jirani mmoja akaniinamia. "Mbona kama wanasoma?" akaninong'oneza. Nikamwambia ndivyo, wanasoma, na kisomo hicho kina umri wa zaidi ya miaka elfu. "Nani kakwambia?" Nikamwonesha jeneza kwa kidevu.

Tangu siku ile sijaacha kuufikiria mwaka nilioupata chumbani kwake. Kazi ya redio, ambayo ndiyo iliyonilea baadaye, imenizoesha kuuliza nani alikuwepo, alikaa wapi, alisema nini, na nataka kuueleza mwaka ule kwa utaratibu huohuo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa napiga fidla ya tatu katika klabu yetu ya taarab, Miembeni, na kila nilichokijua nilikuwa nimekipata kwa sikio, kwa kukaa kitako pembeni ya Maalim Khatib na kuvitazama vidole vyake mpaka vyangu vikafuata. Klabuni hakuna aliyesoma nota. Maalim mwenyewe hakuzijua, na ni yeye aliyenituma nikajifunze. Aliniita siku moja tulipomaliza mazoezi, akangoja wenzetu watoke. "Kuna kitu nakitengeneza," akasema. "Bashrafu, haina maneno. Mwaka wa sita huu. Sijaipiga mbele ya mtu, siipigi mpaka ikamilike. Ikikamilika utaiandika wewe, maana mie nkifa nayo itakuwa haijapata kuwepo." Nilisema naam. Sikuuliza zaidi, kwa Maalim mtu hakuuliza zaidi.

Darasa lilikuwa Mkunazini, ghorofani, juu ya mafundi cherehani wawili. Ngazi zilikuwa za mbao, zimesimama wima hata kamba ikafungwa ukutani ya kujishikia. Chumbani mlikuwa na viti saba visivyofanana, kinanda cha miguu ambacho ufunguo wake mmoja ulikuwa bubu, na ubao mweusi ambao Bi Agnes alikuwa ameuchora mistari mitano kwa rangi nyekundu ya mafuta ili isifutike. Nota tulizifuta kila siku, mistari ilibaki. Alikuwa mwanamke mrefu, magauni yake yamepigwa pasi mpaka mikononi, na Kiswahili chake kilikuwa cha mitaa ya Ng'ambo kabisa. Cherehani za chini alizitumia kama saa. "Msikilizeni fundi," alikuwa akisema. "Huyo anakwenda mbili mbili. Sasa huyu mwengine anashona pindo, anakwenda tatu. Haya, pigeni makofi." Hivyo ndivyo nilivyojua mapigo yanavyogawiwa vipimo. Akatufundisha ufunguo unaokaa mwanzo wa mistari na kuipa kila mmoja jina, akatufundisha skeli, toni nzima na nusu toni. "Hatua ndogo kuliko zote ni nusu," akasema. Nikanyoosha mkono. "Na robo je, Bi Agnes? Sisi tuna robo." Akacheka. "Robo haina pa kukaa kwenye ubao huu, mwanangu. Kaa nayo wewe mpaka tujue la kuifanya."

Kilichonishika hasa hakikuwa ubao. Alitaka tuujue muziki wa Wazungu kwa mpango ule walioupata wao, tangu walipokuwa na sauti moja tu. Alituimbia mwenyewe kisomo cha watawa, mikono imekunjwa, macho dirishani, nami nikakaa nikistaajabu jinsi kilivyoshabihiana na vitu nilivyovisikia tangu utotoni. Wiki iliyofuata akasema, karne nyingi baadaye mtu mmoja alithubutu kuweka sauti ya pili juu ya ile ya kwanza, zikitembea sambamba, hatua nne au tano mbalimbali. Akatugawa. Tuliimba, na kile chumba kikawa kama kimeongezwa dari. Sijui namna nyengine ya kulieleza jambo lile. Nimeshasikia mengi baada ya hapo, vikundi vizima vya fidla, vinanda vikubwa vya nchi za mbali katika kanda za redio, na hakuna kilichonipa hofu tamu kama zile sauti mbili chakavu zikitembea pamoja.

Halafu ikaja kanoni. Tulikuwa wanne siku hiyo: wasichana wawili wa kwaya, fundi redio mmoja wa Darajani, na mimi. Alitupa wimbo mfupi usio na maneno. Wa kwanza anaanza. Wa pili anangoja mapigo manne naye anaanza mwanzo uleule. Kisha wa tatu, kisha wa nne. "Msisikilizane," akatuonya. "Ukimsikiliza mwenzio tu, umepotea." Tulipotea mara tano. Mara ya sita kila mmoja akaishika njia yake, na hapo Bi Agnes akasema taratibu, "Sasa sikilizaneni." Wimbo ulikuwa mmoja. Ulikuwa unajikimbilia wenyewe na kujikuta, na kila ulipojikuta ulitoa kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa akikiimba. Cherehani za chini zikanyamaza. Fundi mmoja akapaza sauti kutoka ngazini, "Bi Agnes, mmekuwa wangapi huko?"

"Wanne."

"Haiwi," akasema fundi. "Mie nshahesabu zaidi."

Niliteremka ngazi zile nikiwa nimekwisha amini kwamba karatasi inaweza kuhifadhi chochote. Ikiwa wimbo wa watu waliokufa kabla ya mji wetu kujengwa umetufikia juu ya duka la cherehani, basi bashrafu ya Maalim haikuwa na sababu ya kupotea. Hesabu yangu ilikuwa hiyo, na nilikuwa na haraka ya kumwambia.

Mwezi huohuo Maalim Khatib akaanguka akitia udhu wa Alasiri. Aliporudishwa nyumbani kutoka hospitali, mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa, mdomo umekwenda upande, na maneno yamemwisha isipokuwa matatu: la, naam, na jina la mkewe. Walimlaza chumba cha mbele, kwenye kitanda cha samadari, chini ya dirisha la uchochoroni. Fidla ilitundikwa msumarini juu ya miguu yake. Bi Kazija, mkewe, alikuwa mwanamke mdogo wa umbo asiyekaa bure. Alimsugua kwa mafuta ya karafuu asubuhi na jioni mpaka harufu ikawapokea wageni tangu mlangoni. Alimlisha kwa mkono wake, kidogokidogo, uji wa mtama au mkate wa kumimina uliorowekwa kwenye chai ya maziwa. Mkono wa kushoto wa Maalim ulikuwa mzima, lakini aliuficha chini ya shuka. Kula nao hakukubali hata mara moja, wala kupokea kitu cha mtu. Mgeni akimnyooshea mkono wa salamu, alifumba macho kwa haya. Kwa hiyo kila aliyeingia alitoka akisema maskini Maalim, hana mkono.

Nilipokwenda mara ya kwanza nilimkuta peke yake. "Shikamoo, Maalim." Akaanza kuvumisha wimbo puani. Nilijua papo hapo ni ile bashrafu. Ilikuwa imekamilika, au ilikuwa haitakamilika tena zaidi ya hapo, na alikuwa na haraka. Nikatoa daftari nikachora mistari mitano.

Nilikwenda kila siku baada ya Alasiri, wiki tatu. Yeye alivumisha, mimi niliandika. Sauti yake ilikuwa imelegea, iliteleza, ilikatika katikati ya pumzi, nami nilikuwa nachagua: hii ni nota, huu ni ugonjwa. Katika kipande cha pili palikuwa na pahala ambapo sauti ilishuka ikatua baina ya nota mbili, si juu wala si chini. Ilifanya hivyo kila siku. Nikahukumu kwamba ni mdomo, umekwenda upande, hauwezi kufika. Nikamsahihisha. Nikaiandika ile nota pale ilipostahili kukaa kwa mujibu wa ubao wa Mkunazini, nikaona fahari kwa usafi wa karatasi zangu nne.

Klabuni walizizunguka kama watu waliotazama mkasi wa daktari. Mpiga kodiani wetu, Bakari, mtu mnene ambaye mzaha ulimtoka hata akiwa na homa, akainua karatasi moja akaigeuza juu chini. "Ehe, mwalimu wa karatasi, nzi hawa umewapanga au wametua wenyewe?"

"Sikiliza kwanza, Bakari."

"Nasikiliza. Lakini wakiruka mie simo."

Niliipiga, wakaidaka, na kabla ya Magharibi klabu nzima ilikuwa inakwenda nayo. "Tamu," alisema Bakari, akijifuta jasho. "Na nyepesi. Kodiani langu limezikubali nota zote, hata moja halikunigomea." Sentensi ile ilipaswa kunishtua. Kodiani lake lilikuwa la vitufe vya nusu toni, na zile nyimbo zetu za zamani lilizigomea kila siku. Bakari alikuwa na namna yake ya kukohoa zilipofika kwenye robo. Sikushtuka. Nilikuwa nafikiria uso wa Maalim atakaposikia.

Nilimpigia kesho yake, nimesimama miguuni pa kitanda. Nilipofika mwisho alikuwa ameugeuza uso ukutani. Nilidhani analia kwa furaha. Bi Kazija alikuwa uani, tulikuwa tukimsikia akikuna nazi kwenye mbuzi. Akaja mlangoni na bakuli mkononi.

"Sabra mwanangu, umepiga vizuri. Lakini hii si ile."

"Ndiyo ile, Bi Kazija. Nota zote ni zake."

"Nota mie sizijui. Mie nnalojua, miaka sita alikuwa akiipiga hapo dirishani nami nakuna nazi zangu uani, na pakifika pahala nilikuwa naacha kukuna. Mkono ulikuwa unasimama wenyewe. Leo umeanza, ukaendelea, ukamaliza, nami nazi nshaimaliza yote." Akanipa bakuli niione.

Maalim akasema, kwa uso uleule wa ukutani, "Naam."

Nimeripoti mambo mengi mabaya maishani, na bado naliweka neno lile moja karibu na yale mazito. Nilitoka nikaenda moja kwa moja Mkunazini. Haikuwa siku ya darasa. Nilimkuta Bi Agnes peke yake akila mihogo ya nazi kwenye sufuria ndogo, akanisogezea kijiko kabla sijasema shida yangu. Nilikula nikieleza. Alipomaliza kusikiliza alifungua kabati akatoa karatasi ya picha ya kitabu cha zamani. Palikuwa na maneno ya Kilatini, na juu ya maneno alama ndogondogo, vimkato na vidoti, vinapanda na kushuka kama nyayo za kuku. Mistari haikuwepo.

"Ndivyo walivyoandika mwanzo," akasema.

"Sasa anajuaje aanzie wapi? Ufunguo uko wapi?"

"Hauko. Mwimbaji alikuwa anaujua wimbo tayari. Alama ni za kumkumbusha."

"Na asiyeujua?"

"Anakwenda kwa anayeujua, anakaa chini. Mistari ilikuja baadaye, mtu alipotaka kujifunza wimbo bila ya kumsikia mwenzake. Ni kitu kikubwa, Sabra, mie maisha yangu yote yanakaa juu ya mistari hiyo. Lakini zile nyimbo zilipohamishwa, baadhi ya hizi alama hazikupata mstari. Zipo humu, tunaziona. Hatujui zililiaje."

Niliitazama ile karatasi mpaka mihogo ikapoa. Kumbe na wao walikuwa na Maalim wao, na wanafunzi waliosahihisha. Nilisema kwamba kwangu mimi nafasi imepita, Maalim hana mkono, hana sauti, hata nikikaa chini mbele yake mwaka mzima sitoweza kujua lipi lake na lipi la maradhi.

"Mkono upi uliokufa?"

"Wa kulia."

"Na fidla," akauliza Bi Agnes, akikusanya sufuria na vijiko, "nyuzi mnazibana kwa mkono upi?"

Wa kushoto. Nilikuwa mpiga fidla. Nilijifunza kwa kukitazama kiganja kile cha kushoto miaka mitatu mizima, na kwa kuwa mkono ule mtu hali nao wala hasalimii nao, nami pia nilikuwa nimeuhesabu miongoni mwa waliokufa.

Kesho yake niliitungua fidla msumarini. Bi Kazija alimkalisha, akamwekea mito miwili mgongoni na mmoja chini ya ubavu. Nilipomwekea fidla begani alielewa, na akakataa. "La." Mkono ulijivuta ndani ya shuka kama kitu kilichochomwa. Nikapiga magoti upande wake wa kulia. Nikamwambia, "Maalim, huo ndio mkono ulionifundisha. Mie sijafundishwa na mwengine." Bi Kazija akaufunika mlango kwa pazia, akatoka, akatuachia chumba. Baada ya muda shuka ikasogea. Vidole vyake vilipopanda juu ya shingo ya fidla havikutafuta pahala, vilikaa.

Yeye alibana, mimi nilivuta upinde. Mwanzo tulitoa makelele, kwa sababu nilikuwa navuta kwa hesabu ya cherehani, mbili mbili, na vidole vyake vilikuwa vinaondoka kabla sijafika au vinaningojea. Nikaacha kuhesabu. Kichwa changu kilikuwa karibu na kifua chake, nikaanza kuvuta kwa pumzi yake. Hapo ikatoka. Siwezi kusema tulipiga. Mimi nilikuwa nusu ya mtu na yeye nusu ya mtu, na fidla haikujali, ilisema kwa sauti moja nzima kama wale watawa wa Bi Agnes. Tukaingia kipande cha pili. Kidole chake cha pili kikashuka, kikatua baina ya nota mbili, palepale, bila ya kutetemeka. Robo. Uani, mbuzi ya nazi ikanyamaza.

Tulirudia mara tatu, na mara zote tatu kidole kilitua pahala pamoja, na mara zote tatu uani palikuwa kimya. Na palikuwa na mteremko mmoja ambao mimi niliuandika kwa uaminifu mkubwa, nikiudhani ni pambo lake la kipekee. Vidole vyake havikuufanya kabisa. Ule ndio uliokuwa ugonjwa. Nililia bila ya kuacha kuvuta. Niliwahi kudhani nimeshaona ajabu ya juu kabisa katika ile kanoni ya watu wanne. Sikujua kama watu wawili wanaweza kuwa mmoja.

Tulikwenda hivyo mwezi mzima, mpaka vidole vyangu vikaijua bila ya karatasi. Bi Agnes alikuja siku moja, akavua viatu mlangoni, akakaa mkekani na daftari. Ilipofika ile robo aliinua kalamu juu ya mistari yake mitano, akaiacha angani, kisha akaweka kimkato kidogo kama zile nyayo za kuku. "Hiki ni cha kukukumbusha wewe tu," akaniambia. "Mwengine akitaka, aje akae chini."

Klabu niliwafundisha kwa sikio, kama tulivyozoea. Bakari alikasirika kwa nusu saa. "Sasa pahala pa Bi Kazija mie nifanye nini? Nipasue kitufe?" Tulikuwa tumekwisha kupaita hivyo. Mwisho aliamua mwenyewe: ikifika pale atanyanyua vidole vyote, atawaachia fidla, na atarudi baada ya hapo. Ijumaa moja baada ya Alasiri tukaenda wanane, tukajipanga kwenye kile chumba cha mbele na uchochoroni, dirisha likiwa wazi, na watoto wakakaa juu ya kizingiti. Maalim alikuwa ameegemea mito, shuka mpaka kifuani. Tuliipiga kwa mara ya kwanza tangu mwanzo mpaka mwisho. Bakari aliponyanyua vidole, kodiani likashusha pumzi, nikatua kwenye robo peke yangu, na nikamwona Bi Kazija mlangoni ameushika ukingo wa mlango kwa mikono miwili.

Tukamaliza. Maalim akatoa mkono wa kushoto nje ya shuka, mbele ya wanaume saba na watoto wa mtaa, akanyanyua vidole viwili.

"Anataka chai mbili," akasema Bakari.

"Si chai," akasema Bi Kazija. "Ipo ya pili. Aliianza kabla ya hii."

Nikamuuliza kama ni ndefu. Akasema ndefu, na ina pahala patatu. Maalim alikuwa bado ameunyoosha ule mkono, wazi, hauna haya, akiidai fidla. Nikampa, nikazunguka upande wake wa kulia nikapiga magoti.